Shajara ya mradi: kidahizo "scharf" katika kamusi ya Kijerumani–Kiswahili

Rasimu tuliyoanza nayo ya kidahizo hiki, yaani neno linaloelezwa katika kamusi, ilikuwa mstari mmoja: "scharf, kv. (kivumishi), -kali". Mstari huo si wa uongo. Kisu kikali, pilipili kali, mbwa mkali, harufu kali, maneno makali, kona kali: kote humo Mjerumani naye husema "scharf". Hapo ndipo hatari ilipo. Msomaji akiona neno limemfaa mara sita, mara ya saba haangalii tena kamusi, na mara ya saba anaweza kumwambia mwalimu wake jambo la aibu. Shajara hii inafuata jinsi mstari ule ulivyopasuliwa hadi ukawa kidahizo chenye maana 11.

Wiki ya 1: kadi

Tumekubaliana tangu mwanzo kutofasili kivumishi hiki kikiwa peke yake. Maana yake hukaa na nomino inayoandamana nayo, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukusanya nomino. Chombo kinachofaa zaidi ni DWDS, kamusi ya kidijitali ya Berlin-Brandenburgische Akademie der Wissenschaften. Ina sehemu iitwayo Wortprofil: unaandika neno, unaletewa maneno yanayopenda kukaa nalo, nomino mahali pake na vitenzi mahali pake.

Kila nomino imepewa kadi yake yenye mistari minne: nomino yenyewe, sentensi kamili, tafsiri ya Kiswahili kama mtu angeisema mdomoni, na kinyume. Mstari wa nne ndio uliofanya kazi kubwa kuliko mingine. Kinyume cha "scharfes Messer" ni "stumpfes Messer", kisu butu. Kinyume cha "scharfer Senf" ni "milder Senf" au "süßer Senf", haradali isiyowasha au tamu. Kinyume cha "scharfes Foto" ni "unscharfes Foto", picha yenye ukungu. Kinyume kikibadilika, maana imebadilika, na kadi zinatengana. Kikibaki kilekile, mara nyingi kadi zinaungana. Kanuni hii imetuokoa na mabishano mengi.

Yaliyoharibika wiki hii ni matatu, na yote yanahusu utafutaji. La kwanza, ukitafuta herufi s-c-h-a-r-f tu unakosa "schärfer" na "schärfste", kwa sababu irabu inabadilika kuwa ä. Tafuta neno la msingi na maumbo yake yote kwa pamoja. La pili, Scharf ni jina la ukoo pia, hivyo sentensi nyingi zinazoletwa zinamhusu mtu. Herufi kubwa peke yake haitoshi kuchuja, maana sentensi inaweza kuanza na kivumishi. La tatu lilitokea upande wetu. Kwenye faili zenye lugha zote mbili, kutafuta "kali" kulileta sentensi za Kijerumani kuhusu mbolea. "Kali" kwa Kijerumani ni nomino, chumvi za potasiamu zinazochimbwa ardhini, na asili yake ni neno la Kiarabu la jivu la mimea, lilelile lililozaa "alkali". Halina undugu wowote na -kali yetu. Tangu hapo tunatafuta kwa viambishi: mkali, wakali, kikali, vikali, makali, mikali, pakali. Umbo tupu "kali" tunalipitia kwa macho.

Wiki ya 2: makali na ncha

Hii ndiyo maana mama, na ndiyo yenye mtego ambao hakuna aliyeutarajia.

Kiswahili kina nomino safi kwa upande wa kisu unaokata: makali. Kijerumani huuita "Schneide". Kuna pia ncha, na Kijerumani huiita "Spitze". Sasa kivumishi cha makali ni "scharf", na kivumishi cha ncha ni "spitz". Wajerumani hawachanganyi. Sindano ni "spitz". Penseli iliyochongwa ni "spitz". Mwiba ni "spitz". Shoka, wembe, panga na kipande cha chupa ni "scharf". Kisu cha jikoni kinaweza kuwa "scharf und spitz", yaani kinakata na kimechongoka. Anayesema "eine scharfe Nadel" anaeleweka, lakini Mjerumani atahisi kuwa sindano hiyo ina makali ubavuni.

Mtu anayezungumza Kiswahili huteleza hapa kwa sababu huweza kusema mwiba mkali au msumari mkali bila kosa. Kwa hiyo tumeandika alama ya onyo ndani ya maana ya 1: kwa kitu kinachochoma kwa ncha, tazama "spitz".

Kunoa ni "schärfen", na kunoa upya kisu kilichoanza kuwa butu ni "nachschärfen". Neno hili la pili limeingia kwenye siasa: waziri akisema sheria lazima "nachgeschärft" iwe, anataka irekebishwe ili ikaze zaidi. "Messerscharf", makali kama kisu, husemwa zaidi juu ya hoja na uchambuzi. "Haarscharf" ni ya kipekee: "haarscharf vorbei" ni kukosa kwa unywele, kama mpira uliopita karibu kabisa na mlingoti. Kiswahili nacho hupima kwa unywele, kwa hiyo tafsiri imekaa yenyewe: kwa kiasi cha unywele, chupuchupu.

"Scharfrichter" tumeipa kidahizo chake. Ni mnyongaji au mkata vichwa wa zama za kale, aliyetekeleza hukumu kwa makali ya upanga au shoka.

Wiki ya 3: chakula

Wengi wanaojifunza Kijerumani Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko hupitia Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja kwa chai ya moto na kwa mchuzi wa pilipili. Matokeo yake ni mtu kumwambia mhudumu "die Suppe ist zu heiß" akimaanisha pilipili imezidi. Mhudumu atamwambia asubiri ipoe. Kijerumani kinatenganisha: "heiß" ni ya moto, "scharf" ni yenye pilipili. Kiswahili kinatenganisha vilevile. Chai ni ya moto, pilipili ni kali. Anayetoka Kiswahili moja kwa moja hana sababu ya kukosea, na kidahizo kimeandikwa ili asizunguke.

Tafsiri ya kadi za chakula haikuwa -kali kila mahali. Mtu mgahawani haulizi "chakula hiki ni kikali?" Anauliza "kina pilipili?" au "kinawasha?" Basi "Ist das scharf?" tumeitafsiri "Kina pilipili?" na -kali ikafuata nyuma yake.

Ila pilipili yenyewe inahitaji uangalifu. Neno moja la Kiswahili linagawanyika mara tatu: pilipili manga ni "Pfeffer", pilipili hoho ni "Paprika", na zile zinazowasha, kichaa na mbuzi, huingia katika "Chili". Kisha kuna "Peperoni", ambayo Ujerumani ni pilipili ndefu inayowasha. Anayeagiza pizza ya "Peperoni" akitarajia soseji kama ya Marekani ataletewa pilipili. Na akivuka mpaka kuingia Uswisi, "Peperoni" inakuwa hoho isiyowasha, huku pilipili kali ikiitwa "Peperoncini".

Maandishi ya vifungashio yameingizwa kama mifano, kwa sababu ndiyo Kijerumani ambacho mgeni hukisoma siku ya kwanza dukani. Haradali inauzwa kwa madaraja: "süß", "mittelscharf", "scharf", "extrascharf". "Mittelscharf" ndiyo ya kawaida kabisa mezani, na "mild" si kinyume pekee cha "scharf" hapa, "süß" nayo imo. Unga wa hoho huandikwa "edelsüß" usipowasha na "rosenscharf" ukiwasha. Kuwasha kwa haradali na kwa mzizi wa "Meerrettich" hupanda puani, si ulimini kama pilipili, lakini Kijerumani huviita vyote "scharf".

Ukali wa uchachu hauingii. Embe kali, ukwaju mkali, ndimu kali: vyote ni "sauer". Kosa hili halikuwamo kwenye orodha yetu ya mwanzo. Lilionekana pale tulipogeuza kadi upande wa pili.

Kwenye vibanda vya kebabu vya Berlin na miji mingine kuna usemi "mit alles und scharf": weka kila kitu, na mchuzi wa pilipili juu. Muuzaji huuliza mchuzi gani, na majibu ya kawaida ni matatu: "Kräuter" wa majani, "Knoblauch" wa kitunguu saumu, au "scharf". Hapo kivumishi kimesimama bila nomino na kila mtu anaelewa. Kisarufi ni kosa, kwa kuwa "mit" hutaka dativu (moja ya hali za nomino za Kijerumani), ingekuwa "mit allem". Tumeuweka kwa lebo ya "mazungumzo", pamoja na umbo sanifu, ili mwanafunzi asiuandike kwenye mtihani.

Jambo la mwisho la jikoni limetufurahisha. "Scharf anbraten" ni kuikaanga nyama upande wa nje kwa muda mfupi mpaka ibadilike rangi. Kwa Kiswahili: kaanga kwa moto mkali. Lugha mbili zisizo na undugu zimeuona moto ule kwa jicho moja. Lakini ukitaka kuusema moto wenyewe, si "scharfes Feuer". Ni "bei starker Hitze".

Wiki ya 4: watu na mbwa

Sehemu ya hatari. Imechukua muda mrefu kuliko zote na kila mstari umesomwa na watu wawili.

Anza na mbwa. "Ein scharfer Hund" ni mbwa mkali, anayeng'ata. Bango la getini kwetu huandikwa "Mbwa mkali". Huko huandikwa "Vorsicht, bissiger Hund", jihadhari na mbwa mng'ataji. Tafsiri ya bango ni bango, hivyo mfano huo tumeupeleka chini ya "bissig".

Usemi uleule juu ya mtu, "er ist ein scharfer Hund", ni ofisa, mwendesha mashtaka au mkaguzi asiyesamehe. Ni lugha ya mazungumzo, na si sifa njema.

Sasa mwalimu mkali. Mtu anayefuata mstari wetu wa kwanza ataandika "ein scharfer Lehrer". Mjerumani akisoma hivyo, hasa kijana, ataelewa mwalimu mwenye mvuto wa kimapenzi. Mwalimu mkali ni "ein strenger Lehrer". Baba mkali ni "ein strenger Vater". Ukali wa malezi, nidhamu na kanuni ni wa "streng", karibu bila ubaguzi. Onyo hili limewekwa ndani ya kisanduku, kisanduku pekee katika kidahizo kizima.

Mbaya zaidi ni kujisemea mwenyewe. "Ich bin scharf" haimaanishi mimi ni mkali. Inamaanisha nimepandwa na ashiki. "Scharf auf" pamoja na akuzativu (hali nyingine ya nomino) ni kuwa na uchu wa kitu: "Er ist scharf auf den Posten", anakitaka cheo kile kwa uchu. Nomino ikiwa mtu, uchu unakuwa wa kimwili. Kihusishi kidogo "auf" ndicho kinachobadilisha kila kitu, kwa hiyo tumekipa maana yake yenyewe, namba 11, mahali ambapo mtu hatalipitia kwa bahati mbaya akitafuta pilipili.

Upo pia ukali wa sifa. Kijana wa Dar akisema wimbo mkali au gari kali, anasifu. Kijerumani cha mitaani kina "scharf" ya kusifu pia, lakini harufu ya mvuto wa kimwili haitoki. Kwa wimbo, "stark" au "klasse" ni salama zaidi. Na mkali wa hesabu ni "ein Ass in Mathe".

Macho makali na akili kali hazina shida: "scharfe Augen", "ein scharfer Verstand". Kuna nomino nzuri "Scharfsinn", wepesi wa kuona jambo lililofichika, na kivumishi chake "scharfsinnig". Kivumishi hiki kinaweza kumsifu mtu bila hatari yoyote. Ukitaka kusema mtu ana akili kali, tumia hicho.

Wiki ya 5: risasi, king'ora, kamera

"Scharfe Munition" ni risasi za moto. Kiswahili cha vyombo vya habari kimeshalifunga jambo hili, wala si risasi kali. "Scharf schießen" ni kufyatua risasi za moto, na risasi ya mazoezi isiyo na kichwa ni "Platzpatrone". "Scharfschütze" ni mdunguaji. Hapa "scharf" inamaanisha analenga kwa usahihi.

Bomu "scharf" ni lililo tayari kulipuka. Hadi leo mabomu ya Vita Kuu ya Pili huchimbuliwa Ujerumani kwenye viwanja vya ujenzi. Mtaa huhamishwa, wataalamu huja, kisha habari husema "Bombe entschärft", bomu limeteguliwa. Kitenzi "entschärfen" hutumika pia kwa hali ya mvutano: "die Lage entschärfen", kutuliza hali.

King'ora cha nyumba kikiwashwa kilinde ni "scharf geschaltet". Kikizimwa ni "unscharf". Neno lilelile "unscharf" ni picha yenye ukungu. Wajerumani hawachanganyikiwi kwa sababu nomino iko pale.

Picha ndipo -kali inapokataa kabisa. "Ein scharfes Bild" ni picha inayoonekana vizuri, kila mstari mahali pake, isiyo na chenga wala ukungu. Picha kali kwa Kiswahili cha leo ni filamu au picha ya kusisimua. "Gestochen scharf" ni safi kabisa, kama iliyochorwa kwa ncha ya chuma. "Scharf stellen" ni kurekebisha lenzi mpaka picha ikae. Eneo la mbele na nyuma linaloonekana vizuri kwa pamoja ni "Schärfentiefe". Wapo wanaosema "Tiefenschärfe", tumeziweka zote.

Kwa daktari wa macho, "Sehschärfe" ni uwezo wa jicho kuona wazi, na "Ich sehe nicht scharf" ni sioni vizuri, naona ukungu.

Hapo ndipo tulipoamua kuweka "Unschärferelation", kanuni ya Werner Heisenberg ya mwaka 1927: haiwezekani kujua kwa usahihi kamili mahali ilipo chembe na mwendo wake kwa wakati mmoja. Nomino "Unschärfe" humo ni ile ya picha yenye ukungu, si ya kisu butu. Mfasiri akianzia kisu, atapotea.

Wiki ya 6: vikali

Kiswahili kina kielezi kilichojitenga na kivumishi: vikali. Kukemea vikali, kukosoa vikali, kulaani vikali. Kijerumani hakiongezi kitu, "scharf" ileile hugeuka kielezi: "scharf kritisieren", "scharf zurückweisen". Taarifa za kidiplomasia hupanda ngazi moja: "aufs Schärfste verurteilen", ambayo inaangukia kwenye kulaani vikali kama iliyopimwa. Tahajia inaruhusu herufi kubwa au ndogo, "aufs Schärfste" na "aufs schärfste".

Vielezi vingine vimehitaji maneno yao. "Scharf bremsen" ni kufunga breki ghafla. "Scharf rechts abbiegen" ni kukata kulia kwa kona kali, na kifaa cha kuongoza dereva hutumia maneno hayohayo. "Scharf nachdenken" ni kufikiri kwa makini.

"Scharf kalkuliert" imetufunza jambo. Matangazo ya biashara husema "scharf kalkulierte Preise", na maana yake bei zimekatwa hadi karibu na gharama: bei nafuu. Bei kali kwa Kiswahili ni bei ghali. Maneno mawili yaliyoonekana pacha yamesimama pande mbili za sarafu. Bei kali ni "ein hoher Preis" au, kwa mazungumzo, "gesalzen", iliyotiwa chumvi.

Wiki ya 7: kugeuza kadi

Kutoka -kali kwenda Kijerumani ndipo mstari wa kwanza ulipovunjika kabisa. Tumeziandika hapa kwa sababu nyingi hazitaonekana chini ya "scharf":

jua kali: pralle Sonne, stechende Sonne
baridi kali: bittere Kälte, strenge Kälte
homa kali: hohes Fieber
maumivu makali: starke Schmerzen, heftige Schmerzen
dawa kali ya kumeza: ein starkes Medikament
pombe kali: harter Alkohol, Hochprozentiges
sheria kali: ein strenges Gesetz
adhabu kali: eine harte Strafe
mapigano makali: heftige Kämpfe
itikadi kali: radikal, extremistisch

Mstari wa maumivu ni wa lazima kwa wanaokwenda Ujerumani kusomea uuguzi. Mgonjwa huulizwa maumivu ni ya namna gani, na kila namna ina neno: "stechend" ya kuchoma kama kisu, "brennend" ya kuunguza, "pochend" ya kupwita, "dumpf" yasiyo na mahali maalumu, yaliyo ndani ndani. "Stark" hueleza kiasi, si namna. Muuguzi akiandika "scharf" kwenye fomu, daktari hatajua kama ni kiasi au namna.

Sabuni na dawa za kusafishia ni tofauti na dawa ya kumeza. Lebo husema "keine scharfen Reinigungsmittel verwenden", usitumie dawa kali za kusafishia, na hapo pacha zetu zimekutana tena. Upepo nao: "starker Wind" ni wenye nguvu, "scharfer Wind" ni ule unaokata usoni kwa baridi.

Nomino makali haina mrithi mmoja. Makali ya maisha si "Schärfe des Lebens". Ni "die Härten des Lebens". Dawa za kufubaza makali ya virusi ni usemi uliobeba picha nzima ya kisu kinachofanywa butu, nao unastahili kutunzwa. Kijerumani husema tu kwamba dawa hukandamiza virusi, "unterdrücken". Tumeitafsiri hivyo na kuandika maelezo.

Wiki ya 8: sarufi na matamshi

Irabu hubadilika: scharf, schärfer, am schärfsten. Makosa ya kuandika "scharfer" kwa maana ya "-kali zaidi" ni mengi na ni mabaya, kwa kuwa "scharfer" ipo kweli, kama mwisho wa kivumishi cha kawaida. "Ein scharfer Senf" ni haradali inayowasha. "Ein schärferer Senf" ni inayowasha zaidi.

Kiswahili hupatanisha kila mahali, kisu kikali na kisu ni kikali. Kijerumani hupatanisha kabla ya nomino tu: "ein scharfes Messer", "das scharfe Messer", "mit einem scharfen Messer", "scharfe Messer". Baada ya "ist" hakuna mwisho: "das Messer ist scharf". Mswahili huelekea kuongeza.

Matamshi: "sch" ni sh. R haikokotwi kama yetu. Maeneo mengi, hasa kaskazini, hufifia ndani ya irabu hadi neno linasikika kama shaaf, karibu sawa na "Schaf", kondoo. Muktadha ndio unaotofautisha.

Herufi ß huitwa "scharfes S" au Eszett. Tangu marekebisho ya tahajia ya mwaka 1996 huandikwa baada ya irabu ndefu na irabu pacha, na ss baada ya irabu fupi. Tofauti ina uzito: "Alkohol in Maßen" ni kwa kiasi, "Alkohol in Massen" ni kwa wingi. Uswisi hawaitumii ß, wanaandika ss kote. Herufi kubwa yake, ẞ, iliingia kwenye tahajia rasmi mwaka 2017.

Wiki ya 9: kidahizo kama kilivyo sasa

(Vifupisho: kv. kivumishi, kl. kielezi, maz. mazungumzo, ak. akuzativu, taz. tazama.)
scharf (schärfer, am schärfsten) kv. na kl.
1 (Messer, Axt, Kante) -kali, -enye kukata. Kinyume: stumpf. Kwa ncha, taz. spitz.
2 (Essen, Senf, Soße) -enye pilipili, -a kuwasha. Kinyume: mild, süß. Si "heiß".
3 (Geruch, Rauch, Wind, Reinigungsmittel) -kali.
4 (Bild, Umriss) -a kuonekana vizuri. Kinyume: unscharf, verschwommen.
5 (Auge, Gehör, Verstand) -kali, -epesi.
6 (Kritik, Ton, Zunge) -kali, kl. vikali.
7 (Hund) mkali, maz. (mtu) asiyesamehe.
8 (Munition) -a moto, (Bombe) tayari kulipuka, (Alarmanlage) iliyowashwa. Kinyume cha king'ora: unscharf.
9 (Kurve) kali, kl. ghafla.
10 kl. kwa makini, kwa moto mkali (anbraten).
11 maz. scharf auf + ak.: -enye uchu wa, (mtu) -enye ashiki na.
[Onyo] Mwalimu, baba, kanuni kali: streng.

Kilichobaki: "verschärfen" na "entschärfen" zimehamishiwa vidahizo vyao, "Scharfmacher" (mchochezi) inasubiri mfano mzuri wa gazetini, na kidahizo kinachofuata ni "spitz".